Kidole Changu na Jogoo Wake

Jumamosi, 11 Januari

Mshenzi yule amenichoma! Si Radhamés, mume wangu — jogoo wake wa mapigano, Kanali. Ingawa leo sioni tofauti kubwa kati yao.

Tangu asubuhi nilikuwa kwenye pasi, nanyoosha satini ya mavazi ya mashetani wa karnivali. Chumba kizima moto. Mara mume wangu akaingia mbio, Kanali mikononi, damu inamtoka ndege kifuani. Mazoezi tu, anasema, jogoo mwenzake kampasua. Dilcia njoo umshone, wewe una mkono mwepesi. Wake ni mzito, akishika sindano ni balaa. Basi nikaacha pasi. Akachemsha maji, akayapoza, akamwosha Kanali polepole kama anaogesha kichanga. Nikashona. Nakata uzi wa mwisho — ndege akarusha mguu, ule mwiba wa nyuma ukazama kwenye kidole changu cha shahada. Mkono wa kulia. Hadi ndani kabisa.

Nikakimbilia bomba. Doña Eduvigis, mama mkwe, akanidaka mkono. Wee! Umetoka kwenye pasi, mwili una moto, ukitia maji utapigwa na pasmo, mkono ukauke! Ndivyo tulivyolelewa sote hapa La Vega: aliyepiga pasi hagusi maji ya baridi mpaka mwili upoe, wengine mpaka kesho yake. Nami nikasimama kama mjinga. Akajaza kahawa ya unga kwenye tundu, akafunga kitambaa.

Kanali kaoshwa kwa maji ya kuchemsha. Mimi nimetiwa kahawa.

Jumapili, 12 Januari

Kidole chekundu. Kina moto, nimekiweka shavuni nikashtuka. Kinapwita, kinapwita, sijalala. Mama mkwe anasema hiyo ni kahawa inafanya kazi. Kazi gani!

Jumanne, 14 Januari

Naandika kwa kushoto. Herufi za mtoto wa darasa la kwanza, samahani — namwomba nani samahani? Daftari langu, halisomwi na mtu.

Kidole kimekuwa ndizi. Kimejipinda kama ndoano na hakitaki kutoka hapo. Nikijaribu kukinyoosha naona nyota. Wekundu umeshashuka kiganjani. Na kundi la mashetani la Fulgencio linataka mavazi yake kabla ya Jumapili ya kwanza ya Februari, vioo na shanga na kengele, vyote vya kushona kwa mkono. Kwa mkono gani? Bila kidole hiki mimi si mshonaji. Ni mwanamke anayemiliki cherehani, basi.

Chakula cha mchana Radhamés kaja na uso unang'aa. Kidonda cha Kanali kimekauka vizuri sana, njoo uone ulivyomshona! Nikamwambia njoo wewe uone cha kwangu. Akatazama. Lo, akasema. Weka barafu. Kisha akachukua kiini cha yai na asali, akaenda uani kumlisha ndege wake.

Barafu!

Jumatano, 15 Januari

Nimekwenda zahanati mwenyewe, kwa miguu, homa kichwani. Daktari ni msichana, Yudelka, ana vipuli vya plastiki masikioni. Akafungua kitambaa, akanusa. Nani kaweka kahawa? Mama mkwe? Nikatikisa kichwa kukubali. Akacheka kwa huzuni — wa kwangu naye ni hivyo hivyo, dada.

Akanichoma ganzi, akapasua. Usaha ulitoka hadi nikaona aibu, kana kwamba nimeuficha makusudi. Nikauliza kwa ukali, kwa nini mwili wangu unanifanyia hivi? Nimechomwa mara moja tu, na ndege! Akasema mwili haunifanyii ubaya, unafanya kazi yake. Ukichomwa, mishipa ya damu inafunguka, inavujisha maji pamoja na askari wa kupambana na uchafu. Ndiyo wekundu huo, ndiyo moto, ndiyo uvimbe. Usaha ni askari waliokufa. Shida, anasema, uchafu umeingia kwenye ala, mfuko mwembamba wa ule mshipa unaokunja kidole, na humo hakuna nafasi ya kupigana vita.

Hakushona. Nikamwambia mimi ni fundi, sijawahi kuacha mpasuko wazi! Akasema ukifungwa juu na chini kumeoza, utarudi hapa wiki ijayo. Uache ujae wenyewe kutoka chini. Na kidole kikianza kutulia, nikikunje. Kitauma, nikikunje hivyo hivyo. Nikikionea huruma, kovu litaushika mshipa na kidole kitabaki kijiti maisha yangu yote.

Kijiti. Neno hilo nimerudi nalo njia nzima. Amenipa vidonge vya rangi mbili. Kwa kushoto siwezi hata kuvisukuma vitoke kwenye karatasi yake, nimempa Radhamés avitunze pamoja na karatasi ya maelekezo. Kasema daktari kaandika asubuhi na jioni. Mimi sikumbuki alichosema, kichwa kilikuwa kinazunguka.

Ijumaa, 17 Januari

Afadhali. Uvimbe umeshuka, nimelala.

Jirani kaleta nyama ya nguruwe ya kuchoma, ngozi yake inalia mdomoni. Mama mkwe kanipokonya sahani — nguruwe huamsha kidonda! Nikabaki na supu. Sehemu yangu kaila Radhamés, akiniambia pole kwa kila tonge.

Jumatatu, 20 Januari

Uvimbe umerudi. Moto, wekundu, kupwita, vyote. Kwa nini? Nimenywa dawa, nimekula supu, sijagusa nguruwe wala maji! Nina hasira na kidole hiki kama mtu na mtoto mtundu. Nina hofu pia. Neno kijiti halinitoki kichwani.

Jumanne, 21 Januari

Sikukuu ya Bikira. Wote wamekwenda misani, mimi nimebaki na homa. Nilidhani wote.

Mchana nikaenda jikoni kutafuta maji, nikasikia mtu anabembeleza uani. Kula, baba, kula kidogo, mwanaume wangu. Sauti hiyo mimi sijaisikia tangu tuoane! Nikachungulia. Radhamés kachuchumaa mbele ya kizimba. Ana tonge la unga wa mahindi kiganjani. Anafungua kidonge cha rangi mbili, anamwagia unga wake ndani ya tonge, anafinyanga.

Vidonge vyangu.

Nilitoka bila viatu. Karatasi ya dawa ilikuwa mfukoni mwake, nikaichomoa, nikasoma maandishi ya Yudelka kwa mara ya kwanza. Asubuhi, mchana, jioni. Mchana! Cha mchana kilikuwa cha jogoo, siku zote hizi! Nikamwuliza unampa kuku dawa yangu? Akasema si kuku. Kanali alikuwa ananyong'onyea, Dilcia, kidonda kilianza kunuka, tungempoteza. Na wewe una mwili mkubwa, utajipigania mwenyewe.

Mwili mkubwa! Nikampiga na tonge lenyewe usoni. Nikasema yote, hata ya miaka ile, hata ya mama yake, na kumbe mama yake kasimama nyuma yangu na shela lake la misani. Kanali akawika. Kisha doña Eduvigis akavua shela, akalikunja, akamchapa nalo mwanawe kichwani. Umemnyima mkeo dawa ukampa jogoo? Mimi nimezaa nini? Tena sikukuu ya Bikira!

Akaniketisha jikoni. Akachemsha maji, akayapoza, akaosha mkono wangu kwa sabuni, taratibu, na homa niliyokuwa nayo. Wala hakutaja pasmo. Machozi yalinitoka, nikasema ni sabuni.

Alhamisi, 23 Januari

Yudelka kapasua tena. Kwanza maneno yake yalikuwa laini, kisu hapana. Akauliza, umeruka dozi? Nilitaka kusema. Neno lilifika mdomoni — kuku — nikaona haya kwa niaba ya mume wangu. Nikasema nilisahau. Akanigomba, mtu mzima kama wewe, unataka kupoteza kidole? Nimegombwa kwa ajili ya jogoo!

Dawa mpya ziko kifuani mwangu, ndani ya sidiria. Meno yanazitoa kwenye karatasi vizuri tu. Nalala chumba cha cherehani.

Jumanne, 28 Januari

Leo nimetazama mwenyewe bila kugeuza uso. Chini ya bendeji kuna nyama mpya. Nyekundu sana, punje punje, kama komamanga lililopasuliwa. Ukiigusa inatoa damu. Nilidhani ni balaa jingine, Yudelka kafurahi mpaka vipuli vinacheza. Ndiyo hiyo tuliyokuwa tunaisubiri, dada, mishipa midogo inajengwa, sakafu inapanda. Ngozi itatambaa kutoka pembeni iifunike. Hata kidonda chenyewe kinajivuta, kinajipunguza.

Mwili wangu unashona, na haumwombi mtu ruhusa. Nimekaa nikiuangalia muda mrefu.

Lakini kukunja — hapana. Naweka donge la uzi kiganjani, nakunja, natukana, nakunja. Kinafika robo kinakwama. Radhamés kasimama mlangoni akauliza, inauma? Nikamwambia muulize jogoo.

Jumapili, 2 Februari

Karnivali imeanza. Kengele zinapita mtaani, mashetani wanacharaza watu kwa vibofu vyao vya ng'ombe vilivyojazwa upepo, watoto wanapiga mayowe. Mavazi ya Fulgencio kamalizia Nereida wa mtaa wa pili. Nimeyaona dirishani. Vioo vimekaa upande! Mshono wa haraka haraka, yule anashona kama anafunga gunia la viazi. Nimefunga dirisha.

Jioni Radhamés kaja na kahawa, ya kunywa safari hii. Eti Kanali kapona, kidonda kimefunga kabisa, Jumapili ijayo anaingia uwanjani. Pamoja na hasira zangu zote nikamwambia ukweli, kama nilivyoambiwa mimi: ngozi ikifunga bado haina nguvu. Chini yake nyuzi za mwili ndiyo kwanza zinafumwa. Ni miezi. Akipiganishwa mapema atafumuka palepale. Akacheka. Umekuwa daktari siku hizi?

Kisha akauliza, na kidole? Nikasema hakipindi. Akatazama chini. Akasema, basi Mungu amlinde Kanali, maana nani atamshona.

Hilo ndilo lililomsikitisha!

Alhamisi, 6 Februari

Kimepita robo. Kimefika nusu. Kuna kitu kiliachia ndani, nilisikia, nikapiga kelele, mama mkwe akaja mbio na mwiko. Nikamwonyesha. Akafanya ishara ya msalaba. Nikamwomba asimwambie mwanawe. Akasema, nimwambie nini, mimi sikuona kitu.

Jumapili, 9 Februari

Kalamu imerudi nyumbani kwake. Mkono wa kulia. Ona herufi hizi!

Kovu ni la waridi, linang'aa, linavuta kidogo. Kidole kinapinda mpaka kinagusa kiganja, nikikisukuma. Asubuhi nimevaa tondoo, ile kofia ya chuma ya kidole, nimetunga uzi mara ya kwanza tu, nimeshona kioo kimoja kwenye kipande cha satini. Kimekaa katikati sawasawa. Nereida aje ajifunze! Nimefurahi hadi nimeimba, na Radhamés hayupo kunisikia, kaenda uwanja wa majogoo tangu saa nne na Kanali wake kwapani.

Kuna kelele nje.

Ni yeye. Kaingia, shati jekundu kwa damu. Kanali kafumuka. Palepale, kwenye mshono wangu wa Januari, ngozi imeachana kama karatasi iliyolowa. Radhamés kamlaza juu ya meza yangu, juu ya satini. Analia. Sijawahi kumwona analia, hata tulipomzika baba yake. Dilcia, anasema, anakufa, Dilcia, naomba, jaribu hata kwa kushoto. Nimekosa, nimekosa, nitakupigia magoti. Na kapiga. Mama mkwe kaweka maji jikoni, yanaanza kuchemka, na ananitazama.

Ndege bado anapumua. Jicho moja linanitazama mimi, mshenzi yule. Sindano iko mbele yangu, na uzi umo tayari, ule wa asubuhi. Tondoo ninayo kidoleni.

Nasema ngoja. Nasema naandika kitu kwanza. Radhamés kainua uso, kaniangalia mimi na daftari, mimi na daftari, anasema tafadhali.

Hajaona naandika kwa mkono gani.