Tausi Wamehamia Mlimani

Melapatti,
Siku chache kabla ya Pongal, sikukuu ya mavuno

Kwa Kaka yangu mpendwa, Arivazhagan,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, Wifi Sumathi na watoto hamjambo, na kwamba kile kikohozi cha harufu ya rangi za kiwandani kimekuachia kifua. Sisi huku tu wazima. Mama mkwe wangu anakusalimu pia, ila anasema salamu zake uzipokee ukiwa umekaa, maana ni nzito. Sababu utaiona mbele.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ninayo. Kaka, kwenye simu wewe husikilizi. Nikifungua tu kinywa unaniambia, "Ngoja kwanza, Thenmozhi," halafu unaongea mpaka salio linakwisha. Karatasi haikatizwi. Soma mpaka mwisho, ukitaka kubisha ubishane na ukuta.

Nianze na habari yenyewe, kwa sababu najua utaruka mistari kuitafuta. Nimeshinda. Mabilinganya yamezaa mpaka matawi yanainama. Pilipili zimewiva. Boga moja limekuwa kubwa hivi kwamba Mama analikalia akitunga maua ya asumini. Yule kuku wa madoadoa ametotoa, na vifaranga wake wote wako hai wanapiga kelele hapa miguuni pangu ninavyoandika. Bustanini hakuna tausi hata mmoja. Lile lori uliloagiza lije kunihamisha, mwambie mwenyewe atafute mizigo mingine.

Nikukumbushe maneno yako ya sikukuu ya taa, Deepavali, usije ukajifanya umesahau. Ulikuja na gari jipya jeusi, linang'aa hata mtu angeweza kuchana nywele mbele yake, ukaliegesha chini ya mlonge. Tulipokuwa ndani tunakunywa kahawa, yule tausi dume mkubwa akajiona mlangoni pa gari, akadhani ni mwenzake amekuja kumnyang'anya majike, akapigana naye mpaka akachoka. Ulipotoka, mlango ulikuwa umechorwa kama ubao wa darasa la kwanza. Ukamrushia kiatu, kikatumbukia kisimani. Chellakannu jirani, unamjua, kondakta wa basi mstaafu asiyepitwa na jambo, bado anakisimulia kile kiatu.

Ndipo ukaigeukia bustani yangu. Miche imefukuliwa, majike ya tausi wanaoga vumbi kwenye tuta la nyanya, jogoo wangu amejikunyata juu ya paa akiwa na jeraha shingoni, na chakula cha kuku kinaliwa na wasiostahili. Ukasema mbele ya watu kwamba mjane asiyeweza kulinda hata nyanya hana haja ya kukaa peke yake shambani, na kwamba ukija Pongal ukakuta hali ni ile ile, utanipakia mimi na masufuria yangu mpaka kwako Tiruppur. Nilipouliza Mama ataenda wapi, ulishusha sauti ukasema mama wa marehemu si jukumu lako, ana mpwa wake Madurai. Hukuishusha vya kutosha, Kaka. Alikuwa nyuma ya mlango. Na mpwa huyo tangu Muthupandi wangu afariki hajamletea hata ndizi.

Siku ile sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira na nilikuwa na aibu. Lakini mimi si kabati la kuhamishwa. Kile kisima kilichomeza kiatu chako kilichimbwa na mume wangu, na yule kizee ndiye mtu pekee aliyebaki ambaye nikitaja jina la Muthupandi anajua nazungumzia nani hasa. Kwa hiyo nikaamua kupigana.

Nilianza na fataki zilizobaki sikukuu. Siku ya kwanza tausi walikimbia. Siku ya pili walisimama ukutani kutazama. Nikaweka sanamu ya nyasi, nikaivisha shati la Muthupandi. Mama alipotoka na kulikuta shati lile limesimama bustanini, alilia asubuhi nzima, nikaling'oa mwenyewe. Chellakannu akanivuta pembeni akaniambia kwa kunong'ona kuwa kuna dawa ya kuchanganya na nafaka, ndege anakula jioni na asubuhi hayupo. Nikamwambia hiyo dawa atangulie kuinywa yeye. Mbali na jela ya kuua ndege wa taifa, hapa kwetu tausi ni kipando cha mungu wetu, Bwana Murugan, na hekalu lake liko pale juu ya mwamba linanitazama kila nikiosha vyombo. Nitamuua kipando wa watu halafu niende kuomba mvua kwa uso gani?

Ikabaki dawa ya wakulima wote wa huku, yaani sari kuukuu. Tulizitoa sandukuni zote, zangu na za Mama, tukazifunga kwenye vigingi kuzunguka bustani nzima, zikawa zinapepea kwa upepo. Nguruwe pori huziogopa sana. Chellakannu alipita na baiskeli, akashuka, akazikagua moja moja. Akasema, "Dada, umetuanikia maisha yako yote ya ndoa. Hii nyekundu si ndiyo uliyovaa siku ulipomfokea marehemu sokoni kwa ajili ya samaki?" Nikamwambia ndiyo hiyo, na asogee kabla sijaivaa tena. Tausi nao walikuja kesho yake, wakaruka juu ya ndoa yangu bila taabu, wakatua kwenye pilipili.

Hapo nikaacha kufukuza, nikaanza kutazama. Nikagundua kwamba hawaendi bustanini moja kwa moja. Kila asubuhi, nikirudi kutoka kupeleka maziwa kwenye gari linaloyakusanya, nawakuta nyuma ya jiko, kwenye lile jiwe la zamani la kusagia mchele wa idli, vile vikate vya mvuke, ambalo siku hizi silitumii. Bustani kwao ilikuwa kitafunio cha baada ya kushiba. Lakini washibe nini kwenye jiwe tupu?

Asubuhi moja gari la maziwa halikuja, nikarudi mapema. Kaka, nilimkuta Mama mkwe, Pechiyammal mwenyewe, amechuchumaa mbele ya lile jiwe, tundu lake limejaa mtama, tausi wamemzunguka kama wajukuu. Alikuwa anawaambia, "Kuleni, kuleni upesi. Yule mkali akirudi atatufukuza sote. Na wewe mrembo, acha wenzako nao wale."

Yule mkali ni mimi.

Sitakuficha, nilipandwa na hasira mpaka ndoo ikanitoka mkononi. Nilimuuliza kama ametumwa na wewe. Nilimuuliza kama anajua kwamba ndege hawa hawa ndio watakaompeleka Madurai. Alinyanyuka taratibu akishikilia goti, akasema ni nadhiri. Amemwekea Bwana Murugan nadhiri ya kulisha tausi wake kila asubuhi, alianza tangu tulipomaliza mwaka wa matanga, na nadhiri haikatishwi. Nikauliza ni nadhiri ya nini. Akasema nadhiri ikitajwa kabla haijajibiwa inaharibika, na kama nataka kumpiga nimpige. Nani alisema habari ya kumpiga? Tulinuniana kiasi kwamba kila mtu alipika mchuzi wake wa sambari, na yote miwili ilikuwa mibaya.

Hatimaye nilimnasa kwa hila. Nilimwambia twende kwa kuhani wa pale mlimani, na atakaloamua yeye nitalikubali. Mama alifurahi, akijua kuhani ni mtu wa upande wake. Kuhani alimsikiliza akijipepea, halafu akamuuliza kama aliahidi kulisha tausi au aliahidi kulisha tausi nyuma ya jiko. Mama akafikiri. Akakiri kwamba jiko hakulitaja. Kuhani akasema basi awaletee chakula chao hapa hapa, kwa mwenye nao, na Bwana atafurahi kuona vipando vyake viko nyumbani badala ya kuranda kwenye nyanya za watu. Mama akalalamika kuhusu magoti. Kuhani akasema nadhiri isiyouma magoti ni mazoea tu. Njia nzima ya kurudi alikuwa akimsema yule kuhani, kwamba hata marehemu baba yake alikuwa na ubishi hivyo hivyo.

Lakini tausi walikuwa hawajasikia hukumu, kwa hiyo ilibidi tuwahamishe. Tulianza kumwaga mtama nje tu ya uzio wa sari. Wakizoea pale, tunausogeza, ukingoni mwa bwawa, kisha kwenye mkwaju wa njia panda, kisha kwenye mwarobaini ulioko chini ya mwamba. Huku nyumbani nilisafisha lile jiwe nikaligeuza kifudifudi. Kuku nikaanza kuwalisha ndani ya banda lao badala ya kuwarushia uani, na juu ya matuta nikatandaza nyuzi nyembamba huku na huku, maana tausi hapendi kutua mahali ambapo mabawa yatakwama. Kila siku walipungua wa kuja na wakaongezeka wa kumfuata Mama.

Ungeiona siku waliyopanda mlimani. Mama mbele na bakuli kichwani, amevaa sari ya kijani aliyoifungua kutoka kwenye uzio akaifua, amechomeka maua nyweleni kama mwari. Nyuma yake majike wanatembea kwa heshima, na yule dume aliyekuharibia gari anafunga msafara. Mimi nilikuwa nyuma yao na fimbo, sikuihitaji. Wanawake walitoka majumbani na mikono yao imejaa unga. Chellakannu alisimama ukutani kwake, akapuliza ile filimbi yake ya kazi na kuita, "Songeni mbele, songeni mbele! Mlimani moja kwa moja! Nauli kwa Murugan!" Kaka, sijacheka vile tangu nifiwe. Nilicheka mpaka nikakaa chini njiani. Na tausi walipanda ngazi zote, wakala juu ya mwamba, wakabaki huko huko. Kuna matunda pori, kuna maji, kuna waumini wanaowaletea pipi ya nazi. Kwa nini washuke kwangu?

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Pale juu, Mama akiwa bado anapumua kwa shida, niliitazama nyumba yetu chini, na ule uzio wa rangi zote, nikamwambia, "Mama, leo namwandikia Kaka. Bustani imepona. Siendi Tiruppur wala popote." Nilidhani atanijibu kwa mzaha kama kawaida yake. Aliliweka bakuli chini, akakaa kwenye ngazi, akafunika uso na ncha ya sari, akaanza kulia. Kisha akasema basi, sasa anaweza kuitaja ile nadhiri, imejibiwa.

Unakumbuka tulipomaliza matanga, ulinichukua kando ukaniambia mwanamke hana cha kubaki kwa mama wa mume aliyekufa, na kwamba nifikirie kurudi kwetu? Siku ile nayo alisikia. Mama huyu, nyuma ya milango yupo kila mara. Asubuhi iliyofuata alijaza mtama kwenye lile jiwe, akamwomba Murugan kwamba nisichukuliwe. Nadhiri yake yote ilikuwa mimi, Kaka. Tausi waliofukua nyanya zangu, waliomjeruhi jogoo, waliokwangua gari lako mpaka ukaagiza lori, waliitwa pale ili nibaki. Nilimuuliza kwa nini hakuniomba mimi mwenyewe. Akasema aliogopa nitakubali kwa huruma. Alitaka nibaki kwa kupenda.

Nililia naye. Sioni haya kukuandikia hivyo.

Basi njooni Pongal, wewe na Wifi na watoto, bila lori. Wali mtamu wa sikukuu tutaupika uani, boga tayari lipo, na wanao wataonyeshwa kuku na shangazi yao. Wakati wa kula utamsogelea Mama na kumkaribisha kwa mkono wako mwenyewe, kwa sauti ambayo hata mtu aliye nyuma ya mlango ataisikia. Gari lifunike kwa shuka.

Jambo la mwisho, usichelewe kujibu. Mama anasema Murugan amekwisha sema kwa kinywa changu, lakini wewe bado hujasema kwa chako, na mpaka barua yako ifike ataendelea kupeleka mtama. Kila alfajiri naisikia milio ya magoti yake akipanda kwa ajili yako.

Wasalimie wote wanaotuulizia. Mungu awalinde barabarani.

Ni mimi mdogo wako, wa Melapatti leo na kesho,
Thenmozhi