Kioo cha Nyuma Bado Kimeelekea Ukutani

Kaka yangu uliye mbali,

Nimeisoma makala yako kuhusu mwanga unaozunguka ndani ya pete ya kioo. Milinganyo mingi imenishinda, maana bado niko kidato cha tano. Lakini grafu ya mwisho niliitambua. Uliwahi kunichorea vumbini kwa kijiti, siku tulipotembea njia ya zamani ya misafara kuelekea Kwihara.

Maelezo uliyaanzia kwenye saluni ya Baba hapa Gongoni, kwa vile vioo viwili vinavyotazamana, na vichwa vya wateja vinavyojirudia humo hadi vinafifia. Ulisema mwanga unakwenda na kurudi katikati yake, na kwamba kitu cha namna hiyo, kikitengenezwa vizuri, mnakiita resoneta. Mwanga ukizidi sana, kioo chenyewe hubadilika, na hesabu haziendi tena kwa mstari mnyoofu. Unaongeza kidogo kidogo, ghafla mwanga wa ndani unaruka juu. Ukipunguza hadi pale uliporukia, haushuki.

Sikuelewa. Ukatafuta mfano kwenye njia ile ile ya misafara.

"Mpagazi anaongezewa mzigo, anatembea tu. Unamwekea kitu kimoja cha mwisho, anaketi. Ukikiondoa hicho kimoja, atainuka?"

Nikajibu kwamba atainuka. Ukacheka, ukaniambia mtu akishaketi hainuki kwa uzito ule ule uliomketisha. Ni lazima umpunguzie zaidi, na zaidi tena.

Nakuandikia kwa sababu Baba ameketi.

Unakumbuka Jumamosi ile pale saluni, kabla hujasafiri. Mteja alikuuliza unasomea nini, na Baba akakuwahi kujibu kwamba unasomea vioo, na kwamba yeye ana vioo miaka yote na hajapewa hata cheti. Watu wakacheka. Ulikuwa utani, kaka. Wewe hukucheka.

"Baba, wewe unavifuta tu hivyo vioo. Hujui vinafanya nini."

Kisha yule mteja akasema, "Mzee, leo mwanao kakunyoa bila maji," na wakacheka tena, safari hii wakimcheka Baba. Baba alimaliza kile kichwa. Jioni alikishusha kioo cha nyuma, akakiegemeza kikiwa kimeelekea ukutani. Bado kiko hapo. Mteja akitaka kuona kisogo chake, anapewa kioo kidogo cha mkononi.

Mwezi uliopita ulinituma nimwombe radhi kwa niaba yako. Nilimpelekea chakula cha mchana, nikamwambia, "Kaka anakupa shikamoo, na anaomba radhi kwa maneno yale." Akasema, "Marahaba," akaendelea kula. Shikamoo aliipokea. Radhi akaiacha pale pale.

Sasa unasema ukija likizo utaishia Dar es Salaam, Tabora utafika Baba akishatulia. Nadhani hapo umekosea, na grafu yako mwenyewe inasema hivyo. Umeondoa kitu cha mwisho tu, yale maneno. Mengine bado yako kichwani kwake. Tangu tukiwa wadogo, hakuna aliyesafiri kutoka nyumbani kwetu bila kunyolewa na yeye. Wewe ulikwenda ng'ambo umenyolewa Isevya, kwa kinyozi mwingine. Alikiona kichwa chako pale stendi. Mimi nilikuwa namtazama.

Katika ile grafu kuna kipande cha katikati ulichokichora kwa nukta. Umeeleza kwamba kihesabu jibu la kipande hicho lipo, ila mwanga hauwezi kukaa hapo. Mimi nimekaa hapo tangu uondoke, nikipeleka salamu huku na kurudisha kimya huko. Sitapeleka tena. Sijakasirika. Nimeona tu kwamba njia hii haifiki.

Basi usinyoe. Ziache nywele ziote hadi siku ya kuja. Ukifika Tabora usipitie nyumbani kwanza, nenda moja kwa moja saluni, mwamkie, ukae kwenye foleni kama wengine. Zamu yako ikifika, keti kitini, inamisha kichwa. Usimweleze chochote kuhusu mwanga.

Akimaliza, mwambie unataka kuona kisogo. Akikupa kile kioo kidogo cha mkononi, mwambie hakitoshi.

Ni mimi, mdogo wako, ninayekungoja hapa Gongoni.