Saa Nane za Ndege

Buyenzi, Bujumbura
14 Agosti 2003

Mpendwa mdogo wangu Djibril,

Asalam aleikum. Natumaini wewe, wifi Orlane na mtoto hamjambo, na lile jino lako limeacha kukusumbua. Sisi tuko, alhamdulilahi. Mabomu ya mwezi wa saba yametuachia tundu moja kwenye bati la jikoni, tumeliziba.

Barua yako ilifika Jumatatu. Mi ndiye niliyemsomea mama, maana macho yake hayaoni tena herufi. Ukurasa mzima umeandika umbali kutoka huko uzunguni mpaka kwetu: kilomita elfu sita mia nne na zaidi, ndege saa nane, ukiacha kusimama Nairobi. Hongera, mwalimu wa jiografia. Tulikuomba uje umwone mama yako akiwa hai. Daktari amesema ni mwezi huu au ujao, basi. Hatukukuomba hesabu.

Sasa sikia ulichofanya. Mama alikuwa anasinzia nikisoma, akashika neno moja tu: saa nane. Akadhani unafika saa nane mchana. Kesho yake akaoga, akavaa kitenge cha Idi, akataka samaki mukeke wa Ruziba kwa ajili yako. Nikaenda. Ruziba si hata kilomita kumi na tano, lakini wanajeshi walikuwa wamefunga barabara. Nilitoka asubuhi, nikarudi alasiri na samaki watatu. Nikamkuta kwenye kiti anatazama mlango, yeye ambaye hawezi kukaa bila mto mgongoni.

Alifanya hivyo siku mbili, mi nikikosa mdomo wa kumwambia. Samaki wawili tumekula. Wa tatu nimemkausha, huyo anaweza kungoja.

Ungesema unaogopa risasi ningekuelewa, hata sisi tunaziogopa. Lakini umbali? Mwezi wa sita si ulitutumia picha za harusi ya shemeji yako Montréal, umevaa koti jeupe kama mpishi wa hoteli? Massoudi, yule jirani fundi saa, ana ramani ya dunia dukani. Tumepima kwa uzi. Kutoka kwako, umbali wa Montréal na wa Bujumbura unapishana kwa kilomita ambazo hazifiki elfu moja. Ni saa moja ya ndege, Djibril. Kwa harusi ulikuwa na saa saba, kwa mama huna nane.

Mwaka wa sabini na mbili, tukikimbia mauaji, alikubeba mgongoni kwa miguu mpaka Uvira, nchi ya jirani, na surua juu yako. Mi nilikuwa nimeshika kitenge chake. Sijamsikia hata siku moja akitaja kilomita.

Jana nikamwambia ukweli, kwamba saa nane ni urefu wa safari, siyo saa ya kufika. Akakunjakunja ncha ya kitenge. Kisha akasema, «Kumbe ni saa nane tu? Mi nilidhani kule ni mbali.»

Leo ameomba tena kiti chake kiwekwe mlangoni.

Baba mdogo Huseni na Adija wanakusalimu. Msalimie Orlane, mbusu Gaël. Watu husema penye nia pana njia. Wewe njia unayo, Mungu akupe nia.

Dada yako, anayekupenda hata leo,
Khadidja