Bibi, Ufunguo wa Mnara Umeonekana

Kofia, Bibi! Kumbe ni ile kofia! Mwaka mzima ilikuwa kichwani kwa Mjomba Wattie, analishia nayo kuku, na sisi tunapekua nyumba mpaka ndani ya kopo la unga!

Haya, nitulie. Mama amenipa kalamu kwa masharti. "Rhona, hii ni kumbukumbu ya bibi yako gazetini, siyo umbea wa dukani." Nimeitikia.

Kesho mwaka unatimia, Bibi Ishbel Mowat, tangu Mama alipokukuta jikoni umeegemea kiti chako, chai bado inafuka, na gari la wagonjwa likakuchukua usirudi tena.

Hapa Skarrow nani asiyekujua? Miaka arobaini na moja umeshika ufunguo wa mnara wetu pale juu ya jabali. Watu walikuja wameshazunguka kwenye mawe ya kale na kwenye kanisa lililobomoka, wamelowa chapachapa, wanagonga kwetu. Unaushusha kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, mzito kama nyundo, lakini huutoi bure. "Rehani!" Mtu anaacha glovu, mwingine mwavuli. Yule bwana harusi aliyesema hana kitu ulimwambia, "Basi niachie mke, anisaidie kumenya viazi." Akaachwa kweli, akamenya, mkacheka naye mpaka mumewe akashuka na wivu.

Na kila mtu ulimwapisha: "Utaurudisha kwa mkono wako mwenyewe. Usimpe mwenzio, wala usiurushe getini."

Halafu lile swali lako. "Umeona nini?" Aliyejibu mandhari nzuri, alikoma. "Mandhari nzuri ipo hata kwenye kalenda ya buchani. Rudi ukaangalie!" Lakini yule dada aliyekuambia ngazi ya tisa imelika upande wa kushoto tu, ulimkatia jibini, ukampa mikate ya shayiri, kisha ukamshika mkono mkapanda wote wawili, wewe na magoti yako yale, kwenda kuangalia. Ulirudi unahema, unaandika kwenye daftari. "Mnara una miaka mia tano, Rhona, na bado haujaisha kuonwa."

Tumekukosa, Bibi. Msumari ulibaki mtupu tangu siku ile uliyoondoka. Wenye ofisi ya kutunza magofu walikuwa wapole, lakini walisema wazi: mwaka ukitimia bila ufunguo wala mtu wa kuushika, mlango wa mnara unazibwa kwa matofali. Matofali yameshaletwa. Yako pale chini ya ukuta, yamefunikwa turubai. Mama akipita hapo anaangalia baharini.

Daftari lako Mama alilifungia sandukuni, hakuweza kuuona mwandiko wako. Jumanne nikamwomba, nitafute humo maneno ya kuandika hapa. Nikafungua ukurasa wa mwisho. Tarehe ya siku uliyofariki! "Isbister, baharia, wa visiwani, Lerwick. Rehani: kofia ya kijani, ya masikio." Na chini yake, palipoandikwa Umeona nini, hapana kitu.

Nikainua kichwa. Mjomba Wattie huyo anaingia na mayai.

"Mjomba, hiyo kofia umeitoa wapi?"

"Ya marehemu mama. Kaniachia."

Mama akaweka sufuria chini. "Wattie! Mama lini alivaa kofia ya kumfika puani?"

Tukamvua. Ndani kumeshonwa kitambaa: L. Isbister, na namba ya simu. Nikapiga papo hapo.

"Mzee Isbister? Kofia yako tunayo."

Akajibu, "Na mimi ufunguo wenu ninao. Yule mama bado ana hasira na mimi?"

Nikamwambia umetuacha, na siku gani. Akasema, "Kumbe. Niligonga sana siku ile. Niligonga mpaka meli yangu ikakaribia kuondoka." Posta hakuutia kwa sababu ulimwapisha. Alikusudia kuuleta mwenyewe, goti likamlaza, miezi ikapita, akaona aibu hata kuandika. Ufunguo umening'inia jikoni kwake, kwenye msumari.

Meli yake inafika Aberdeen kesho saa moja asubuhi. Mjomba Wattie anakwenda kumpokea, na kofia mkononi, ameifua. Mafundi wa matofali wanakuja saa sita. Upepo usitufanyie vituko tu, Bibi. Nimeshawaandikia wenye ofisi kwamba chuo nimemaliza, nipo nyumbani, na mshika ufunguo ni mimi.

Tunakukumbuka sisi: mwanao Netta, anayekaa kwenye kiti chako na kujifanya hajakaa, mwanao Wattie, kichwa wazi, mjukuu wako Rhona, na Skarrow nzima uliyoinywesha chai. Hakuna siku tuliyoipitisha bila kukutaja, wala haitakuwepo.

Lakini Bibi, sijamaliza. Kabla hajakata simu nilimuuliza mzee, kwa sauti yako kabisa, "Umeona nini?"

Akacheka. "Pale juu ya dirisha la upande wa bahari. Juu yake, kwa ndani. Lakini siwezi kusema nikiwa nimeushika ufunguo huku mbali. Andaa mkate wangu."

Nimepitia daftari lote, miaka yote arobaini na moja. Hakuna hata mmoja aliyetaja juu ya lile dirisha. Wote walikuwa wanatazama nje.

Kesho nasimama pale chini yake, shingo juu. Nikishuka tu, hata chai sinywi, nakuja kaburini kukuambia ni nini.