Gauni Ulilolichora Upande Mmoja

Shangazi yangu Paulina,

Nimeolewa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilolisubiri, na kwa sababu wiki nzima nimekuwa nikilitamka peke yangu jikoni. Mimi ni mke wa Saning'o, yule kijana wa Soitsambu uliyesema ana mabega ya kuvaa koti. Nampenda, Shangazi. Nikisikia mluzi wake anaporudi, najificha nyuma ya mlango nicheke tu.

Sasa gauni. Ulipotuacha tulikuta mchoro wa gauni langu kwenye daftari lako: wino mweusi, mstari mmoja kutoka shingoni hadi kwenye pindo bila kuinua mkono, miguu mirefu kupita kiasi, uso mtupu. Wachoraji wengine wa mitindo hapa Karatu hupaka rangi kila kitu, midomo, hereni, hata kucha. Wewe ulichora namna upepo unavyobeba kitambaa. Wateja wakilalamika kwamba wanawake wako hawana macho, ulijibu, "Macho ataleta mwenye gauni."

Lakini ulichora mbele tu. Mgongo hukuwahi.

Mama alitaka tukodi gauni Arusha. "Tusimngoje marehemu aje amalizie," alisema, kisha akalia. Mimi nikakataa. Sikutaka kuingia kanisani na gauni la mtu asiyenijua.

Fundi Boay alijaribu. Miaka yote ulisimama kando yake ukimsomea michoro yako. Safari hii alikuwa peke yake. Akapima ile miguu kwa rula, akashona gauni la majaribio vilevile. Nilipolivaa, nilijikwaa kabla sijafika mlangoni. "Huyu wa Paulina ni twiga," akasema. "Mimi nashona watu."

Nilikaa siku mbili na madaftari yako yote. Ndipo nikaona. Kila mwanamke uliyemchora, kiuno chake kiko juu, chini kidogo tu ya kifua. Kumbe ule urefu wa miguu ulikuwa unamwonyesha fundi mshono wa kiuno uanzie wapi. Nikachukua kalamu yako, nikafungua ukurasa wa pili, nikauchora mgongo. Mstari mmoja. Karibu na bega la kushoto mkono ulitetemeka, ukaacha wimbi dogo.

Boay akautazama sana. "Hapa uliogopa. Niunyooshe?"

Nikamwambia aushone ulivyo.

Shangazi, bibi harusi huwapa watu mgongo misa nzima. Kanisa lote lilikaa likitazama mgongo niliouchora mimi kuijibu mbele uliyoichora wewe. Tulipotoka nje, mama mkwe, shanga zake zikilia shingoni, alinigeuza taratibu mbele ya wote, akaweka kidole kwenye lile wimbi la begani. "Hapa ndipo pazuri," akasema. Mama yangu akasahau Arusha kabisa. Saning'o akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto.

Juzi wamekuja wasichana wawili kutoka Buger wanaokaribia kuolewa, kuuliza ni nani aliyelichora gauni lile. Nikawaambia: mbele ni Shangazi yangu, nyuma ni mimi. Sijawahi kusema kitu kwa sauti kubwa hivyo.

Lala salama, Shangazi. Nakuahidi kalamu haitakauka. Jumatatu naanza kumchora bibi harusi wa kwanza wa Buger, na safari hii hakuna aliyenitangulia kwenye karatasi.

Wako,
Ester