Kule Ng'ambo, a Njo q

Mpendwa Zaina, bibi ya watu sasa,

Hapa Kindu hakuna mutu mwenye bahati kunipita. Atelye yangu ya kutengeneza kompyuta huku Alunguli inajaa, nimetembea mpaka Goma na Bujumbura, nakula samaki kila siku, na wivu ni ugonjwa wa wengine. Nakuandikia kwa kukusalimia tu.

Unakumbuka ile mashini, kompyuta ya kituo cha radio, wakati wa vita? Watu walileta habari za ndugu waliopotezana nao porini, wewe unaziandika humo, jioni zinasomwa. Siku ile jenereta ilizimika ghafla. Tulipoiwasha tena, mashini haikujua Linux, programu inayoiendesha, iko wapi: kioo cheusi, neno moja tu, grub, jina la kile kinachoiamsha Linux, na alama inayongoja uandike. Habari za wale watu zote zilikuwa ndani.

Mimi, bwana mjuaji, nikaanza kuandika amri kwa nguvu. Nabonyeza a kwenye klavye, inatoka q. Nikasema ni virusi. Kisha nikasema imelogwa. Ukacheka mpaka kitambaa kikaanguka kutoka kichwani, ukanisukuma kwa kiwiko.

"We mutu, tumeshavuka. Huku ng'ambo, Linux ikiwa bado imelala, klavye yetu ya Kifaransa iko nasema Kingereza. Unataka a? Bonyeza q. Huku a njo q."

Kwa kunionyesha ukaandika mama, ikatoka ;q;q. Ukaandika ,q,q na mama huyo akatokea. Kisha ukaiambia mashini Linux iko sehemu gani ya diski, ikaamka, na ndugu za watu wakasomwa jioni ileile. Tangu hapo "ng'ambo" likawa neno letu wawili. Ukiwa na la kuniambia ambalo baba yako asielewe, ulikuwa unasema tuvuke.

Wiki iliyopita kompyuta ya jirani yangu, Papa Shabani, ikagoma vilevile. Nafika, namkuta bwana yako, ametoka Kibombo, amekalia kiti. Namsikia anamwambia mzee:

"Usiogope, Papa. Tuko ng'ambo. Huku a njo q."

Watu wakacheka. Nikamuuliza, kama mzaha, neno hilo la ng'ambo kalitoa wapi. Akasema kwa bibi yake. Mimi nikacheka kuwapita wote. Zaina, wali unampikia, watoto umemzalia. Na neno lile pia?

Tena aliiamsha mara moja tu, hakurekebisha faili ya kuanzia, ile inayoikumbusha Linux iko wapi. Asubuhi ikagoma tena, wakaniita. Nikaisahihisha, nikazima, nikawasha, ikaamka yenyewe. Papa Shabani akaanza kumcheka bwana yako. Nikamkatalia, nikasema yule ni fundi, kazi kubwa kaifanya yeye, mimi nimefagia tu. Iliniwasha kama pilipili, lakini sitaki watu wamcheke bwana ya Zaina.

Kaa vizuri, busu watoto, na usimwambie nimeandika. Yale ya mwanzo, bahati, atelye kujaa, kutojua wivu, ni uongo. Atelye ni meza moja, na wivu ninao.

Muchumba wako wa kwanza