Mwite Baba

Bweni la Wasichana,
karibu na Kebirigo, Nyamira.

Mdogo wangu Mghoi,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi na majani chai. Mmeamkaje hapo nyumbani? Mguu wa Mao umepungua uvimbe, au mama yetu huyo bado anakataa kuuinua juu ya kigoda? Umeniandikia kwamba siku hizi anakuita kwa jina la marehemu shangazi, nawe unamsahihisha kila mara. Nitalirudia hilo mwishoni. Mimi mwili ni mzima. Lililonisibu ni la moyoni, na nimeamua kuliandika kwa sababu kwenye simu ningelikatiza katikati.

Muhula wa pili huku ni wa kukimbia tangu kengele ya kwanza. Kidato cha Nne wana mtihani wa majaribio, kwaya inajiandaa kwa tamasha, na hawa wapya wa Gredi ya Kumi waliletwa wengi kuliko vitanda, kwa hiyo wengine wanalala wawili wawili, mmoja kichwa huku, mwenzake kule. Mimi ndiye matroni wao wote. Nagawa maji yanapopungua, napima homa, naamua ugomvi wa ndoo. Ulicheka niliposema nimestaafu ualimu ili nipumzike, kisha nikakubali kumfuata huku mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni mwalimu mkuu. Ulikuwa na haki ya kucheka.

Sasa nikueleze sheria moja ya hapa, maana bila hiyo hutaelewa. Watoto hawa kwao wanazungumza Ekegusii. Kiswahili wanakikuta shuleni. Bwenini Ekegusii hakiruhusiwi. Ni Kiswahili au Kiingereza, na mlinzi wa sheria hiyo ni mimi. Msichana akija kuniambia "kitu yangu imepotea", nanyanyua kidole, na simsaidii kukitafuta mpaka aseme "kitu changu kimepotea". Wananiita Kamusi. Siku moja kuna aliyekuja mbio: "Matroni, maji imeisha." Nikamwambia, "Maji yamekwisha." Akajibu, "Sawa, yamekwisha, lakini bado hakuna." Bweni zima lilicheka, nami nikacheka nao. Nilijiona mwalimu hodari.

Kwamboka ni mmoja wa hao wapya, mwembamba, mtaratibu, asiyegombania ndoo. Jumatano moja baada ya chakula cha mchana wenzake wawili walimleta chumba cha wagonjwa wakimshikilia. Ilikuwa malaria. Muuguzi wa zahanati alimpa dawa, nami, kama sheria inavyotaka, nikakaa kando ya kitanda na kumuuliza nimwite nani wa kwao.

"Mwite baba," akasema. "Anaondoka. Nimwone kabla hajaondoka."

Nikamwambia atulie, baba atakuja. Akafumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Unajua Kiswahili chetu kilivyo. "Anaondoka" ni mwanamume, "anaondoka" ni mwanamke. Miaka yote darasani nimelisifu jambo hilo, kwamba lugha yetu haimbagui mtu. Kwenye daftari kulikuwa na nambari mbili: ya baba yake, mkulima wa Nyacheki, na ya mama yake, anayeuza ndizi Nyakoe. Hao wawili hawaishi pamoja tena. Nikampigia baba. Nilimuuliza kama ana safari, naye akashangaa. "Safari gani, Mwalimu? Mimi niko kwa majani." Hapo, Mghoi, ndipo nilipopaswa kusimama nikafikiri. Nikasema moyoni kwamba mtoto anaweweseka kwa homa.

Alifika jioni hiyohiyo na gamubuti zake, mtu mpole, Msabato, akanishukuru mara mbili. Kwamboka alipomwona mlangoni aligeuzia kichwa ukutani akaanza kulia. Nikamkemea. Nayakumbuka maneno yangu yote: "Umemwita mwenyewe, ameacha kazi yake, sasa unalia nini?" Akageuka, akafungua kinywa, akaanza kunieleza kwa Ekegusii. Nikanyanyua kidole, kama ninavyowanyanyulia wote. Akafunga kinywa. Baba yake akamfunika koti, wakaenda.

Jumamosi asubuhi bawabu wetu, Mzee Nyakundi, aliniita langoni. Palikuwa na mwanamke amevaa viatu vipya, na nyuma yake gari lenye wanawake wengine wawili na masanduku, dereva akipiga honi. Akajitambulisha kuwa mama yake Kwamboka. Anakwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, miaka miwili, na siku yenyewe ya kuondoka aliambiwa Alhamisi tu. Alimwomba dereva apitie huku ili amshike mtoto wake dakika kumi. Nilimwambia mtoto yuko Nyacheki kwa baba yake tangu Jumatano, aliugua, anaendelea vizuri.

Akatoa simu akampigia mumewe. Haikupatikana. Msabato yule huzima simu jua la Ijumaa likizama, na haiwashi mpaka Sabato iishe. Akapiga tena. "Hata mimi ni Msabato," akaniambia bila kupaza sauti, "lakini wakala hakuniuliza siku." Kisha akaniuliza kama mtoto alimtaja.

Nami, kwa kutaka kusema kweli, nikajibu, "Hapana, mama. Alimwita baba tu."

Halafu akasema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma, "Mwalimu, mimi ndiye baba."

Kwa Ekegusii, Mghoi, baba ni mama. Baba mzazi wanamwita tata. Mama yule alinieleza kwamba watoto wanakijua Kiswahili cha shule, lakini mtoto akiumwa humwita mama yake kama alivyoanza kumwita alipojifunza kusema. Mzee Nyakundi alikuwa anatazama viatu vyake. Yeye alilijua hilo, wapishi walilijua, kila msichana bwenini alilijua. Kamusi peke yake hakulijua. Mihula miwili niko hapa, na sikuwahi kuwauliza neno lao hata moja, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kuwakataza.

Aliniachia sweta aliyoifuma mwenyewe, ya rangi ya damu ya mzee, mikono mirefu kupita kiasi. "Atakua," akasema. Honi ikalia tena, akaingia garini.

Kwamboka alirudi Jumanne. Nilimweleza yote bila kujitetea, nikampa sweta. Akainusa. Akauliza kama mama yake alilia. Nikasema hakulia mbele yangu.

"Nilikuambia, Matroni," akasema.

Kule nyumbani alimwomba baba yake ampeleke Nyakoe, naye akamjibu kwamba apone kwanza. Hata yeye hakuijua siku. Kwa hiyo nikitafuta wa kumkasirikia, simpati mwingine. Nilimwendea mwalimu mkuu nikamwomba aiondoe sheria ile. Akasema tusubiri mitihani iishe, kwani matokeo ya lugha ndiyo wazazi wanayoyatazama. Nilimfundisha mimi mwenyewe kusema hivyo, alipokuwa msichana. Kidole changu sikinyanyui tena, lakini wasichana wakiniona bado wanashusha sauti.

Jumapili iliyopita, saa ya simu, Kwamboka alisimama mlangoni amevaa sweta yake, mikono ameikunja mara mbili. Akasema, "Samahani, Matroni. Ninaomba kumpigia simu mzazi wangu wa kike." Kila neno lilikuwa mahali pake. Katika miaka yangu yote ya kusahihisha, ningempa alama zote. Nikampa simu. Nambari ya Nyakoe haipatikani, na ya huko ugenini hatujaletewa. Akanirudishia kwa mikono miwili, akashukuru.

Nikamwambia, "Kwamboka, hapa kwangu sema baba."

"Hilo si la Kiswahili, Matroni," akanijibu, akaenda zake.

Mghoi, msalimie mume wako fundi, na vijana wako, na shangazi mdogo wa pale sokoni, na mwinjilisti aliyenisindikiza hadi kituoni. Mpe Mao salamu kabla ya wote. Akikuita kwa jina la marehemu, itika. Usimsahihishe. Kaa naye karibu kwanza umuulize anamtaka nani, na kama ni mimi anayenitaka, kwa jina lolote atakalolitumia, nipigie siku hiyohiyo.

Ni mimi dada yako,
Wakesho